Kisa cha Sepultura 1996: menaja akiwa mke wa mwimbaji

Hiki kisa kila nikikaa na wanamuziki wenzangu hapa Tabora lazima kiibuke, kwa hiyo leo nakiandika chote mwanzo mwisho, nani alikuwa nani, nini kilitokea usiku ule na mi naona nani alikosea wapi. Ni kisa cha Sepultura, bendi ya thrashi metali ya Brazil, na ile tarehe 16 Desemba 1996 walipomaliza shoo yao London pale Brixton Academy na bendi ikapasuka ikiwa juu kuliko ilivyowahi kuwa.

Kwa wale ambao masikio yao yamezoea dansi na singeli, thrashi ni tawi la hevi metali lililoanzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 80, mwendo wa kasi sana, mpiga drams anakanyaga kiki kwa miguu yote miwili, gitaa la rithimu nyuzi zinazimwa kwa kiganja cha mkono wa kupigia ili mlio utoke mkavu na mfupi, na mwimbaji ananguruma zaidi ya kuimba. Majina manne yanayotajwa siku zote ni Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax, wote Wamarekani. Na huko kubadilisha watu ni kitu cha kila siku. Metallica walimtimua Dave Mustaine Aprili 1983 kabla hata hawajarekodi albamu ya kwanza, wakampandisha basi New York arudi kwao California, nafasi yake akaja Kirk Hammett kutoka Exodus na yeye Mustaine akaenda kuanzisha Megadeth. Slayer nao na mpiga drams wao Dave Lombardo waliachana wakarudiana mara kadhaa, mara ya mwisho ikawa 2013 na chanzo ni hela. Kwa hiyo mtu kutoka bendi si habari. Cha Sepultura kinaniuma tofauti kwa sababu ndani yake kuna ndugu wa tumbo moja, kuna ndoa, kuna mkataba, na kuna msiba wa mtoto, vyote vimekutana ndani ya miezi minne.

Kuna mzee wangu mmoja wa Kanyenye aliyepiga besi kwenye bendi za dansi za hapa zamani, namuita baba mdogo ingawa si ndugu wa damu. Nilimsimulia kisa hiki chote, akanisikiliza kimya mpaka mwisho, afu akauliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, vyombo vilikuwa vya nani?"

Mtu wa nje anaweza asilielewe lile swali ila aliyekulia kwenye dansi analielewa haraka. Kwetu bendi ilikuwa ya mwenye vyombo. Magitaa, amplifaya, spika, drams, tumba, vyote vina mwenyewe, awe mfanyabiashara, chama au shirika, na mwanamuziki ni mwajiriwa anayesubiri mshahara au mgao wa mlangoni. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, chama kikibadilika jina na bendi inabadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo tunaijua kama Msondo Ngoma. Mwenye vyombo akitaka mpiga solo wa bendi nyingine anamfuata na dau nono, kama Hugo Kisima alivyofanya 1985 alipowachomoa wanamuziki wakubwa wa Mlimani Park akina Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar wakaenda kuunda upya Safari Sound. Hapa Tabora ndo usiseme, mji huu ulikuwa na Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukawa na Nyanyembe Jazz, ukawa na Tabora Jazz, na watu walikuwa wanahama kufuata reli, hata Shem Karenga aliyetupa Dada Asha akiwa na Tabora Jazz alikuwa mtoto wa Kigoma. Mtu alikuwa anahama na kipaji chake tu, gitaa analiacha kwa mwenyewe, na bendi inaendelea na jina lake na vyombo vyake kama kawaida.

Sepultura hawakuwa na mwenye vyombo. Kila mtu na gitaa lake. Kwa hiyo swali la baba mdogo lilinirudisha nyuma nikalichambua hili jambo upya, kama hakuna mwenye vyombo basi bendi ni nini hasa? Ni jina, ni nyimbo, ni mkataba na kampuni ya rekodi, na ni yule mtu mmoja anayeshika simu na kalenda na hela, yaani menaja. Hapo ndo pabovu penyewe.

Tuanze mbali kidogo. Max Cavalera na mdogo wake Igor, mpiga drams wa bendi, walikulia Brazil, baba yao alikuwa Mwitaliano aliyefanya kazi ubalozi mdogo wa Italia, akafariki 1979 wakiwa bado watoto wadogo na maisha ya nyumbani yakageuka ghafla, wakajikuta Belo Horizonte na mama yao katika hali ngumu. Hii naisema kwa sababu inasaidia kuelewa kwa nini ile bendi ilikuwa kama nyumba kwao. Walianzisha Sepultura 1984 wakiwa na miaka 15 na 14 hivi. Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi wanaolia kwamba "Sepultura bila Max si Sepultura" huwa wanakiruka: Max hakuwa mwimbaji wa kwanza. Mwanzoni alikuwepo Wagner Lamounier, akatoka 1985 akaenda kuwa na bendi ya Sarcófago, ndo Max akabeba maiki na gitaa kwa pamoja. Besi akashika Paulo Jr. Gitaa la solo alikuwepo Jairo Guedz, akarekodi nao Bestial Devastation ya 1985, ile rekodi waliyogawana na bendi ya Overdose chini ya kampuni ya Cogumelo Records, na Morbid Visions ya 1986, afu 1987 naye akatoka, akaingia Andreas Kisser kutoka São Paulo.

Huyu Andreas ndo aliyebadilisha bendi, mi sina wasiwasi na hilo. Sikiliza Morbid Visions afu sikiliza Schizophrenia ya 1987 halafu niambie. Ile ya kwanza ni vijana wenye hasira na vyombo vibovu, ya pili kuna mtu anajua gitaa, kuna mipangilio, kuna solo zenye akili. Kwa hiyo ile line-up ambayo dunia nzima inaiita halisi, Max, Igor, Paulo na Andreas, yenyewe ilizaliwa kwa watu wawili kutoka na mmoja kuja kutoka mji mwingine.

Kipindi hichohicho Max alikwenda New York kutafuta dili. Alipata tiketi ya Pan Am kupitia rafiki aliyekuwa anafanya kazi kwenye hilo shirika la ndege, akavaa suti na tai ili aonekane mfanyakazi, begi limejaa rekodi na kanda za bendi, akazigawa kwa watu wa kampuni za muziki. Kijana mdogo huyo. Dili la kampuni ya rekodi ya Roadrunner likaja, na Desemba 1988 mtayarishaji Scott Burns akaletwa kutoka Florida mpaka Rio de Janeiro kurekodi Beneath the Remains, wakirekodi usiku, albamu ikatoka 1989 na dunia ikawajua. Nimeileta hii habari ya suti kwa sababu moja, kipindi kile Max ndo alikuwa anafanya kazi ya menaja, kwa miguu yake mwenyewe, kwa faida ya wote wanne. Mtu akishabeba bendi namna hiyo akiwa kijana mdogo, ni ngumu sana baadaye kumwambia kwamba yeye ni mmoja kati ya wanne.

Baadaye kazi ikakua, ikahitaji mtu wa kuikamata. Akaja Gloria, mama wa Phoenix, Arizona, aliyekuwa anaijua biashara ya metali vizuri. Aliifanya kazi. Lazima tuseme hivyo kwa haki kabisa kwa sababu wengine wanamsema kama vile alikuja kuvuruga. Arise ilitoka 1991, mwaka huo walipiga tamasha la Rock in Rio mbele ya umati wa nyumbani, bendi ikahamia Phoenix, ikazunguka dunia, Chaos A.D. ikatoka 1993 wakiwa wameirekodi Rockfield kule Wales na Andy Wallace. Katikati ya hayo yote Max na Gloria wakapendana wakaoana. Mtoto wao Zyon akazaliwa 1993, na ukiiweka Chaos A.D. kitu cha kwanza kabisa kusikia kabla ya drams za Refuse/Resist ni mapigo ya moyo wa huyo mtoto akiwa bado tumboni. Nawaomba mwenye spika nzuri aweke pale mwanzo asikilize tu zile sekunde chache. Moyo wa mtoto wa mwimbaji na menaja ndo unafungua albamu ya watu wanne.

Mi naona kosa kubwa la kisa hiki lilifanyika hapo, 1993, wakati mambo ni mazuri na kila mtu anacheka. Siku menaja alipokuwa mke wa mmoja wao, ule mkataba ulitakiwa ufunguliwe na kuandikwa upya mezani, watu wanne wote wamekaa. Wakubaliane kwamba mfano Gloria abaki na mambo ya Max binafsi na bendi itafute mtu mwingine wa kuisimamia, au abaki na bendi lakini pawe na mtu wa tatu wa hesabu ambaye kila mmoja anaweza kumpigia simu. Hilo lingeonekana ni kutokuaminiana, nakubali, na nani anataka kumharibia mwenzie furaha ya harusi kwa kuleta karatasi? Hakuna. Nimeliona hili hapahapa kwenye kundi moja la kupiga harusini nililowahi kupigia rithimu, mke wa kiongozi ndo alikuwa anapokea advansi kwa simu yake, hakuna aliyesema chochote mwaka mzima kwa sababu shemeji alikuwa mtu mwema na anatupikia tukifanya mazoezi, na kweli alikuwa mwema, mpaka siku hela ya shoo ya Urambo ilipochelewa kugawanywa na watu wakaanza kunong'ona kwenye boda. Shida haikuwa shemeji. Shida ni kwamba hapakuwa na mahali pa kuuliza bila kuonekana unamtukana mke wa mtu.

Sasa ikaja albamu ya Roots. Hii ilitoka Februari 1996, Ross Robinson akiwa mtayarishaji, wakaenda mpaka Mato Grosso kurekodi na watu wa kabila la Xavante kijijini kwao, wakamleta mpiga ngoma Carlinhos Brown na ngoma zake za Bahia, magitaa yakashushwa chini kabisa, kasi ikapunguzwa, uzito ukaongezwa. Marekani albamu ilifika nafasi ya 27 kwenye chati ya Billboard. Bendi ya vijana wa Belo Horizonte, inanguruma, ndani yake kuna wimbo wa Waxavante, inaingia chati ya Marekani. Wasukuma na Wanyamwezi tuna ngoma ambazo mtu akiziunganisha na magitaa mazito zitatisha, kila nikisikiliza Ratamahatta, wimbo wa humo kwenye Roots, nawaza hilo, ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Lakini Roots ilimfanya Max awe sura ya bendi kuliko zamani. Picha ni Max, mahojiano ni Max, wazo la Waxavante lilitajwa kama la Max. Na wale watatu wakaanza kulalamika kwamba menaja anamtanguliza mumewe. Hilo lalamiko limetajwa waziwazi na wao wenyewe miaka iliyofuata. Max na Gloria wanalikataa. Mi sitaki kujifanya hakimu wa nani alipigwa picha mara nyingi, ninachojua ni kwamba lalamiko kama hilo halina dawa menaja akiwa mke, hata awe mwadilifu namna gani, kwa sababu akimpa Max nafasi inaonekana upendeleo, na akimnyima Max anamnyima mtu anayestahili.

Afu tarehe 16 Agosti 1996 ikafika. Sepultura walikuwa Uingereza kwa ajili ya tamasha la Monsters of Rock pale Donington kesho yake. Ikaja habari kwamba Dana Wells, mtoto wa Gloria, amefariki kwa ajali ya gari huko Arizona. Dana alikuwa kijana tu, Max alimlea kama wa kwake. Max na Gloria wakaondoka kurudi nyumbani. Wale watatu wakapanda jukwaani bila mwimbaji, Andreas akaimba na kupiga gitaa, wakapiga wakiwa watatu mbele ya umati wa Donington.

Nimewahi kubishana na watu kuhusu hilo la kupiga shoo. Kuna wanaosema walitakiwa wakatae. Mi sikubali, wale walikuwa kazini na mashabiki wamekuja, na walipiga kwa heshima wakiwaeleza watu kilichotokea. Ila nadhani siku ile iliwafundisha kitu ambacho pengine hawakuwa wanakijua, kwamba wanaweza kusimama jukwaani bila Max na umati usiondoke. Kitu kama hicho ukishakiona huwezi kukisahau.

Max alipumzika, akarudi, ziara ikaendelea mpaka Desemba. Mkataba wa Gloria ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Na usiku wa tarehe 16, baada ya kushuka jukwaani Brixton, wale watatu wakatoa msimamo wao kwamba hawaongezi mkataba wa Gloria kama menaja wa bendi. Max akasema kama yeye hayupo na mi sipo. Ikaisha. Ile shoo yenyewe ilirekodiwa na ikatoka 2002 kama Under a Pale Grey Sky, isikilizeni, hakuna hata sehemu moja utakayosikia bendi inayokufa, wanapiga kwa nguvu ya ajabu, Igor anapiga zile tom kama anataka kuzitoboa, na mtu yeyote mle ukumbini alikwenda nyumbani akijua ameona bendi bora ya metali duniani kwa mwaka ule.

Kibiashara wale watatu walikuwa na haki. Mkataba umeisha, wao ni watatu kati ya wanne, hawaridhiki na huduma, hawaongezi. Hakuna cha kuwalaumu kwenye karatasi. Lakini kwa utu walikosea, na walikosea vibaya, kwa sababu ya muda. Ni miezi minne tu tangu mama azike mwanae. Hapa kwetu hata kama tanga limeshaanuliwa, mama aliyefiwa mtoto huendi kumwambia kazi yako basi, unatafuta wazee wawili wa busara, unasogeza mbele, unasema tuendelee mwezi kwa mwezi mpaka katikati ya mwaka afu tukae. Ingewagharimu nini? Asilimia ya menaja kwa miezi sita. Na sidhani kama walikuwa watu wabaya, nadhani walikuwa vijana wa miaka 26 na 28 waliochoka na ziara, wameona tarehe ya mkataba inakaribia na wanaogopa kwamba isipokuwa sasa basi wamefungwa tena miaka mingine. Hofu ya tarehe ndo iliwaponza.

Na Max naye? Mi naamini hakuwa na namna. Mwanaume ambaye mke wake amezika mtoto Agosti, Desemba anaambiwa mke wako hatumtaki, angebaki angekuwa mtu gani. Hata kama angepewa masharti mazuri kiasi gani, ungemwambiaje mkeo ukirudi hotelini? Kwa hiyo jibu lake nalielewa moja kwa moja. Ninachomlaumu ni miaka iliyofuata, yale maneno makali kwenye kila mahojiano kuhusu wenzake, yalifanya kila mlango uliobaki wazi ufungwe.

Ila kiini cha maumivu ya kisa hiki ni Igor. Kaka ameondoka, mdogo mtu amebaki na bendi. Wale waliobeba pamoja umaskini baada ya kufiwa na baba, waliojifunza vyombo chumba kimoja, hawakuongea karibu miaka kumi. Kuna kijana mmoja ana studio Isevya, tunabishana naye sana, yeye anasema Igor alimsaliti damu yake. Namwambia hapana mdogo wangu, fikiria hivi: Igor alikuwa na kaka mmoja, lakini alikuwa pia na kazi aliyoijenga kwa mikono yake tangu ana miaka 14, na hakuona kwa nini aiache kwa ajili ya mkataba wa shemeji. Alichoamua kina gharama na aliilipa. Kijana hajanielewa mpaka leo na sijakata tamaa.

Kilichofuata nakipitisha haraka. Max akaanzisha Soulfly, albamu ya kwanza ikatoka 1998, ndani kuna wimbo Bleed unaomhusu Dana. Sepultura walijaribu kwanza kuandika wakiwa watatu Andreas akiimba, wakaona haitoshi, wakamchukua Derrick Green, jamaa mweusi kutoka Cleveland, Ohio, mrefu, sauti pana, Against ikatoka 1998. Haikuuza kama Roots. Mashabiki walimtesa Derrick kwa miaka kwa kosa la kutokuwa Max, na yeye akanyamaza akafanya kazi. 2006 Igor naye akatoka baada ya albamu ya Dante XXI, na Agosti mwaka huohuo kwenye shoo ya kumkumbuka Dana kule Arizona akapanda jukwaani na kaka yake, miaka kumi kamili tangu ule msiba. Wakaunda Cavalera Conspiracy, Inflikted ikatoka 2008. Na yule Zyon wa mapigo ya moyo amekuja kuwa mpiga drams wa Soulfly ya baba yake.

Huko Sepultura drams zikapita kwa Jean Dolabella mpaka 2011, akaja Eloy Casagrande, kijana mwenye mkono wa ajabu, na kwa maoni yangu Machine Messiah ya 2017 na Quadra ya 2020 ni albamu zinazosimama pembeni ya zile za zamani bila kuona haya. Desemba 2023 wakatangaza ziara ya kuaga, miaka 40 ya bendi, Februari 2024 siku chache kabla ya kuanza Eloy akatoka, akaibukia bendi ya Slipknot ya Marekani, nafasi yake ikachukuliwa na Greyson Nekrutman, Mmarekani wa miaka 21 aliyezaliwa bendi ikiwa imeshapasuka zamani. Ziara ikaanza Machi kama ilivyopangwa, palepale Belo Horizonte.

Sasa nirudi kwa baba mdogo na swali lake. Nilimjibu kwamba baba, vyombo vilikuwa vya kila mtu na chake, kilichokuwa kinagombaniwa ni jina, na jina lilibaki kwa walio wengi. Akatikisa kichwa akasema kwa hiyo ni walewale, yaani bendi imebaki na mwenye nayo na mwimbaji kahama. Nilimpinga kwa adabu. Kwenye dansi mwimbaji akihama mwenye vyombo anajua ana duka, ataajiri mwingine. Sepultura wale watatu walibaki na jina ambalo nusu ya dunia ilikuwa inasema si lao, hawana mwenye vyombo wa kuwalipa mshahara, na wakakubali kuanza upya kumbi ndogo. Derrick alijiunga akijua atazomewa. Paulo amekaa kwenye besi tangu mwanzoni kabisa hadi ziara ya kuaga, mtu ambaye hakuna anayemtaja kwenye ubishi huu. Huo ni uvumilivu ambao mtu anayesema bendi ilikufa 1996 hauoni kwa sababu hajasikiliza chochote kilichotoka baada ya hapo.

Na hesabu nyingine rahisi: Max alikaa Sepultura kama miaka 12. Derrick amezidi miaka 25. Ukimwambia huyu kwamba yeye ni mbadala unamkosea.

Yule kijana wa Isevya aliniuliza kama naruhusiwa kuchagua upande nachagua upi. Usiku wa tarehe 16 Desemba nachagua Max na mke wake, bila kusita, kwa sababu ya ule msiba. Kuanzia 1998 na kuendelea nachagua Sepultura, kwa sababu ya kazi. Naona mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na mwenye kutaka kunibishia aanze na Under a Pale Grey Sky yote, aunganishe na Against bila kupumzika, afu aje pale kwa baba mdogo Kanyenye jioni yoyote tuongee, tutakuwepo.